Mkojo ukisema ndiyo

Mkulima wa mpunga, mtu wa miaka hamsini hivi, anaona damu kwenye mkojo. Haumwi popote. Hana homa, hasikii uchungu akikojoa, ni ile rangi tu, kama maji yaliyosuuziwa nyama. Anakwenda zahanati, mkojo unachovywa kijikaratasi, anaambiwa ni U.T.I au kichocho, anapewa dozi. Wiki haijaisha, damu imekata. Mgonjwa anashukuru, mganga anaridhika, daftari linafungwa. Tatizo ni kwamba saratani ya kibofu nayo hutoa damu siku tatu, ikanyamaza miezi mitatu, kisha ikarudi, na wala haihitaji dawa ili inyamaze. Ile damu kukata, ambako kila mmoja hapo amekuchukulia kuwa ndiko kupona, hakuthibitishi lolote. Ikirudi atapewa dozi nyingine, na ikirudi tena atabadilishiwa dawa. Siku atakapofikishwa hospitali ya rufaa, mabonge ya damu yameshaziba njia ya mkojo, amewekewa mpira, na uvimbe umeshazama kwenye msuli wa kibofu. Naandika kutetea kipimo cha zamani, cha gharama ndogo, ambacho kingeweza kukaa katikati ya zahanati na hospitali hiyo ya rufaa: kusoma seli zinazotoka na mkojo. Sitakitetea kwa kukisifia kuliko kinavyostahili, maana kina udhaifu mkubwa, na nusu ya hoja yangu imejengwa juu ya udhaifu huohuo.

Utando wa ndani wa kibofu hujivua seli kidogo kidogo, na seli hizo hutoka na mkojo. Maabara huuzungusha mkojo kwenye mashine, ileile inayotumika kutenganisha damu, hadi mashapo yakae chini ya neli. Mashapo hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi, na kioo huwekwa chini ya hadubini. Seli nzima huonekana na kiini kidogo kilichotulia ndani ya mwili mpana, mfano wa yai lililokaangwa bila kuvurugwa. Seli ya saratani kali ni kitu kingine kabisa: kiini kimevimba hadi kimebakiza ukingo mwembamba tu wa mwili wa seli, kimekolea weusi, na kingo zake zimejikunja kama karatasi iliyofinyangwa mkononi. Wataalamu wa vioo hivi walikutana Paris mwaka 2013 wakaanza kutunga lugha moja ya kuandikia majibu, na kitabu chao kikatoka 2016. Kwa mujibu wao, kiini kikizidi asilimia 70 ya ukubwa wa seli, kikawa cheusi na kingo mbovu, na seli za namna hiyo zikatosha idadi, majibu yanaandikwa bila kumumunya maneno: saratani kali. Kazi ya kusoma mkojo kwa ajili ya saratani ilipata sifa tangu 1945, pale George Papanicolaou na Victor Marshall walipoichapisha huko Marekani. Papanicolaou ni yule Mgiriki ambaye kipimo chake cha mlango wa kizazi kinajulikana na wanawake wengi hata wasiolijua jina lake.

Sasa udhaifu wenyewe. Miongozo ya madaktari wa mkojo wa Ulaya inakiri kwamba kipimo hiki hunasa takriban asilimia 84 ya saratani kali, lakini asilimia 16 tu ya saratani pole. Pengo hilo lina sababu inayoeleweka. Seli za saratani kali hazishikamani. Zinabanduka na kuelea, na zikionekana hazifanani na kitu kingine. Za saratani pole zimeshikana na uvimbe wao, na hata zikitoka zinafanana mno na seli nzima, kiasi kwamba msomaji mwaminifu hawezi kuapa. Kwa upande mwingine, kipimo hiki ni nadra kumsingizia asiye na saratani: katika tafiti nyingi, zaidi ya watu 90 kati ya 100 wasio na saratani hupata majibu safi. Ukiyaweka hayo pamoja unapata shahidi wa ajabu kidogo. Akisema ndiyo, mtilie maanani. Akisema hapana, hajasema kitu. Nadhani kuvunjika moyo kwingi kuhusu kipimo hiki kumetokana na watu kumuuliza shahidi huyu swali asiloliweza, yaani "Je, niko salama?", kisha kumlaumu kwa jibu.

Kwa nini basi nidhani kinatufaa sisi wa Afrika Mashariki hasa? Kwanza, kwa sababu ya saratani tuliyo nayo. Madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walipitia kumbukumbu za miaka kumi za wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu, wakachapisha walichokiona mwaka 2013. Zaidi ya nusu walikuwa na saratani ya seli bapa, aina ambayo Ulaya ni adimu. Katika vinyama vilivyokatwa na kupimwa, mayai ya kichocho yalikutwa kwa wagonjwa wapatao 45 katika kila 100. Wanawake walikaribiana na wanaume kwa idadi, ilhali duniani kwa jumla wanaume huwazidi wanawake mara tatu au zaidi, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya sigara. Hii ni saratani ya majaruba na malambo. Kichocho cha mkojo hakitokani na mawimbi ya Ziwa Victoria kama wengi wanavyodhani (kule ufukweni hutawala zaidi kichocho cha tumbo). Konokono wanaokieneza hukaa kwenye madimbwi na mashamba ya mpunga yaliyo mbali na ziwa, Kwimba, Shinyanga na kwingineko, na pia katika mabonde ya pwani, Tanga, Kwale, Mto Tana, Unguja na Pemba. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimtaja mnyoo wa kichocho hiki cha mkojo mwaka 1994 kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu, bila "huenda" wala "inawezekana".

Tusijidanganye kwamba dawa za shuleni zimelimaliza jambo hili. Ni kweli zimefanya kazi kubwa. Pemba na Unguja maambukizi yameshuka hadi kiwango ambacho kizazi kilichopita kisingekiamini. Lakini yai la kichocho lililokwama kwenye ukuta wa kibofu haliyeyuki kwa kidonge. Hugeuka chokaa na kubaki pale, na daktari akiingiza kamera huyaona mabaka yanayong'aa kama mchanga. Anayeugua leo akiwa na miaka 50 alioga dimbwini akiwa na miaka 10, kabla ya kampeni hizi, na kwa miaka mingi kampeni zenyewe ziliwalenga watoto wa shule zikamwacha yeye nje. Ni mwaka 2022 tu ambapo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuwapa dawa watu wote kuanzia miaka miwili katika jamii zilizoathirika zaidi. Misri imetuonyesha muda unaohitajika. Katika taasisi ya saratani ya Cairo, saratani ya seli bapa ilikuwa karibu robo tatu ya saratani zote za kibofu miaka ya 1970. Ilichukua zaidi ya miongo mitatu ya kupambana na kichocho kuishusha chini ya theluthi. Hao Wamisri, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walikwenda vijijini na kuwapima wakulima seli za mkojo, na wakazinasa saratani kwa watu ambao hawakuwa wagonjwa wa hospitali. Seli za aina hii, kwa anayezijua, zina sura zisizosahaulika: zikitiwa rangi ya Papanicolaou baadhi huwaka rangi ya chungwa, na nyingine hurefuka zikaota mkia kama viluwiluwi.

Sababu ya pili ni foleni. Kuthibitisha saratani ya kibofu kunahitaji kamera inayopitishwa kwenye njia ya mkojo hadi ndani, kisha kukata kinyama. Kamera hizo ziko katika hospitali chache kubwa, na madaktari bingwa wa kuzitumia ni wachache zaidi. Wanaokojoa damu ni wengi, na wengi wao hawana saratani. Anayeamua nani atangulie kwa sasa ni nauli, bima, na bahati ya kuwa na ndugu mjini. Tufanye hesabu ya mfano tu. Watu wazima 100 wanakojoa damu, na 10 kati yao wana saratani kali. Tukubali kwamba kwetu, penye kichocho na maabara isiyo na uzoefu, kipimo kinanasa nusu tu, watano. Na kwamba kinawasingizia watu watano kwa kila 100 wasio nayo, yaani wanne au watano kati ya wale 90 wengine. Tumepata watu tisa au kumi wa kutanguliza, na nusu yao wana saratani inayoua. Sijui njia nyingine ya kupanga foleni, kwa bei ya kopo, kioo na rangi, inayokaribia hapo. Wale tisini waliobaki hawafukuzwi. Wanabaki kwenye foleni ileile waliyokuwamo jana.

Mpinzani mwenye uzito hapa anatoka Uingereza na Marekani. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliohusisha hospitali 40 na wagonjwa zaidi ya 3,500 waliokojoa damu uligundua kwamba, kwa wale waliopimwa seli, kipimo kilinasa chini ya nusu ya saratani, na watafiti wakashauri kisitumike tena kama kawaida. Madaktari wa mkojo wa Marekani nao, katika mwongozo wao wa 2020, walikikataa katika hatua ya kwanza kwa mgonjwa ambaye damu yake inaonekana kwa hadubini tu. Nauheshimu uamuzi huo, na ningekuwa London ningeuunga mkono. Ila isomwe sababu yake: kule mgonjwa mwenye dalili za hatari ataingiziwa kamera hata hivyo, seli ziseme zisiseme. Kipimo kinachotangulia jambo ambalo lazima litafanyika ni karatasi ya ziada. Mahali ambapo kamera ni ya miezi ijayo, au haipo kabisa, hoja hiyo inakosa mguu wa kusimamia. Tumezoea kuchukua miongozo ya kigeni kwa hitimisho lake bila kuangalia imejengwa juu ya hospitali ya namna gani, na katika jambo hili tabia hiyo inatugharimu. Isitoshe, wagonjwa wa utafiti ule walikuwa na saratani za kwao, ambako ile ya seli bapa ni adimu.

Pingamizi la pili linatoka kwetu wenyewe, na kwangu ndilo gumu zaidi. Kibofu chenye kichocho kimewaka moto kwa miaka. Seli zake zimechokozwa, zimevimba, na nyingine zimekwisha kugeuka bapa bila kuwa saratani. Mawe ya kibofu, mpira wa mkojo uliokaa muda mrefu na maambukizi ya kawaida hufanya vivyo hivyo. Msomaji asiye makini atawaona viluwiluwi kila mahali, na tutajaza foleni ya kamera kwa watu wasio na saratani. Hatari hii ni ya kweli. Dawa yake ni nidhamu ya majibu. Mfumo ule wa Paris uliweka ngazi ya katikati, "seli zisizo za kawaida", kwa ajili ya seli zinazotia shaka, na uliwabana wasomaji wasiitumie ovyo kama kapu la kutupia wasiwasi wao. Mgonjwa wa ngazi hiyo atibiwe kichocho na maambukizi, kisha mkojo upimwe tena baada ya wiki kadhaa. Uvimbe wa kichocho hupungua ukitibiwa, saratani haipungui. Mfumo huo ulitungwa kwa ajili ya saratani ya utando wa kawaida wa njia ya mkojo, hivyo maabara zetu italazimu ziongeze macho yao kwenye seli bapa, na sioni wa kutufundisha hilo vizuri kuliko Wamisri, waliozisoma kwa miongo.

Kuhusu uhaba wa wataalamu wa patholojia, jibu liko nusu tayari. Vioo vya mlango wa kizazi tayari husomwa katika hospitali zetu, kwa rangi zilezile na hadubini zilezile. Fundi maabara aliyefunzwa anaweza kupitia vioo mia akaweka kando vile kumi vinavyomtia shaka, daktari bingwa akasoma kumi badala ya mia. Ndivyo kazi ya vioo vya mlango wa kizazi inavyoendeshwa hata kwenye nchi tajiri. Mkojo ukichanganywa mapema na alkoholi husafiri, kwa hiyo msomaji hahitaji kuwapo wilayani. Altrasaundi, ambayo wengi watauliza mbona haitoshi, ifanyike, tena ifanyike kwanza palipo nayo, kwa kuwa huona uvimbe uliochomoza. Ila kuna saratani kali inayotambaa juu ya utando bila kuota kinundu. Hiyo altrasaundi haiioni, hata kamera inaweza kuipita ikidhani ni wekundu tu wa kibofu kilichochokozwa, na hapo seli za mkojo huwa ndizo zinazoitoboa siri.

Wapo pia watakaosema tusihangaike na vioo, twende moja kwa moja kwenye vipimo vya kisasa vya vinasaba. Wana hoja yenye kuvutia: mashine za Xpert, ambazo zimesambaa hadi hospitali za wilaya kwa ajili ya kifua kikuu, zina katriji ya kupima saratani ya kibofu kwa mkojo, na jibu hutoka siku ileile. Ningependa ijaribiwe Shinyanga kesho asubuhi. Lakini kipimo hicho kilitengenezwa kwa kuwinda alama za saratani ya utando wa kawaida, ile ya wavuta sigara. Kabla hakijathibitishwa kwa saratani ya seli bapa ya kichocho, kukitegemea ni kununua ufunguo wa mlango wa jirani. Na katriji ni ya kununua kila mara, tena kwa fedha za kigeni.

Sitaki mtu anielewe kwamba nadai kila mtu akapimwe seli za mkojo. Kuwapima watu wasio na dalili yoyote ni fujo. Wenye saratani ni wachache mno kati yao, na majibu ya uongo yatawazidi wenye ugonjwa. Ninachodai ni kwa aliyevuka miaka 35 au 40, aliyekulia penye kichocho au aliyevuta sigara miaka mingi, ambaye damu ya mkojo imerudi mara ya pili baada ya dozi. Mara ya pili, si ya tano. Kwa mama pia, ambaye damu yake huhesabiwa kuwa ya hedhi au ya kukoma hedhi hadi mambo yaharibike. Jibu likisema saratani kali, apewe rufaa siku hiyohiyo na jina lake liwe juu. Jibu likiwa safi, fomu iwe na sentensi iliyochapwa kabisa, isiyotegemea kumbukumbu ya mtu: majibu haya hayaondoi uwezekano wa saratani, damu ikirudi, rudi.

Yako mambo madogo ya kopo ambayo yasipozingatiwa yote haya ni bure. Mkojo wa kwanza wa alfajiri, ambao wengi huagizwa kuleta kwa mazoea, haufai hapa, kwa kuwa seli zimelala usiku kucha ndani ya mkojo zikaharibika. Unatakiwa wa baadaye mchana, usiwe kijiko bali nusu kopo au zaidi, na fomu ieleze kama mgonjwa ana mawe, ana mpira, aliwahi kuugua kichocho. Mayai ya kichocho nayo hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, hasa mtu akiwa ametembea au amefanya kazi kabla ya kukojoa, kwa hiyo kopo moja la saa hizo linatosha kwa vipimo vyote viwili. Mkulima aliyetoka kijijini kwa miguu akafika zahanati saa tano, akakaa kwenye benchi akisubiri kuitwa, maandalizi yote ameshayamaliza.